Mzee Reyan Alivyomsahau Arismendi

Arismendi alianza kwenda na wageni kwa pesa hapa Boca Chica, mji wetu wa pwani wenye watalii wengi, akiwa kijana wa miaka ishirini na ushei, na hakuwahi kujificha. Mchana alikodisha viti na miavuli ufukweni. Mgeni wa kiume akimtazama mara mbili, alijua si kiti kinachotafutwa. Alikuwa na mke, Yokasta, na Yokasta alijua. Wanawake wakimchokoza sokoni, "Tumemwona mumeo na babu wa Kijerumani," yeye aliwajibu, "Mkimwona tena mwambieni aje na mkate," akaendelea kuchagua ndizi zake.

Mimi, Donya Minga kama wanavyoniita kwa heshima, ninakaanga samaki karibu na vile viti, kwa hiyo mengi yalipita mbele ya karai langu.

Reyan alikuja mara ya kwanza kama wanavyokuja wengi. Alikuwa mchinjaji mstaafu kutoka Kanada, mtu wa mikono mikubwa na aibu nyingi. Kwao alikuwa mjomba asiyeoa. Hapa alikuwa mwanamume anayependa wanaume, na alikuwa likizo. Aliketi mezani kwangu akitafuna samaki huku anawapima vijana waliokuwa wakipita. Leo huyu, kesho yule. Sikumpenda. Aliwatazama kama nyama iliyotundikwa kwenye ndoano. Arismendi naye alichaguliwa hivyo hivyo, kwa mabega yake.

Kisha homa ya dengi ikamwangusha Reyan katikati ya likizo. Kijana mwingine angechukua chake na kuondoka. Arismendi alibaki hotelini akimnywesha maji ya nazi kijiko kwa kijiko na kumfulia mashuka, kwa sababu wahudumu waliogopa kuingia. Mzee alipopona hakuangalia tena vijana wengine. Mwaka uliofuata akarudi, na kila Januari baada ya hapo. Solani, binti wa Arismendi, alipozaliwa, Reyan ndiye aliyemshika kwenye maji ya ubatizo, amevaa suti nzito inayomtoa jasho mpaka viatuni. Tangu siku hiyo wakaitana kompadre, kama watu wanavyoitana hapa mmoja akimsimamia mtoto wa mwenzake kwenye ubatizo.

Vijana wa ufukweni walimtania. "Mendi, umeolewa!"

"Kazi ni kazi," alisema. "Nyinyi endeleeni kuchoma migongo juani."

Lakini asubuhi moja niliwapelekea samaki nikamkuta anamnyoa mzee kwenye baraza, amemshika kidevu kwa vidole viwili, taratibu, kama mtu anayeshika yai. Aliponiona akasema, "Donya Minga, usiseme neno." Sikusema.

Januari ile ya mwisho Reyan alichelewa kuja. Arismendi alimpokea uwanja wa ndege kama kawaida, akapunga mkono, akaita. Mzee alikuwa amekonda na amevaa mashati mawili, moja juu ya jingine. Alimwangalia kwa adabu, kisha akamuuliza teksi ya Boca Chica ni bei gani.

"Ananitania," Arismendi aliniambia jioni hiyo, lakini hakuwa akicheka.

Kesho yake mzee aliketi mezani kwangu. Arismendi akavuta kiti mbele yake. Reyan akamtazama kifua, akamtazama mabega, akatabasamu lile tabasamu la zamani nililolichukia.

"Wewe mzuri," akasema kwa Kihispania chake kilichovunjika. "Unaitwa nani? Unachukua kiasi gani?"

Vijana wakapasuka kwa kicheko. Mmoja wao, Darlin, akajipiga mapaja.

"Naitwa Arismendi," akasema. "Leo sichukui kitu. Twende ukalale."

Ikawa hivyo kila siku. Asubuhi mzee anaamka, anamkuta mtu chumbani, anamuuliza jina na bei. Mwanzoni Arismendi alijaribu kumkumbusha: homa, ubatizo, Solani. Mzee alisikiliza kama anayesimuliwa habari za watu wa nchi nyingine, kisha akasema, "Pole sana, kijana," na kumuuliza jina tena. Yokasta alimleta mtoto amevaa gauni lake la Jumapili. Reyan akampa peremende na kumuuliza mama yake ni nani.

"Kila siku ananikodi upya," Arismendi aliniambia. "Miaka yote ile, Donya Minga, na kilichobaki kichwani mwake ni bei tu."

"Ni ugonjwa, mwanangu."

"Najua ni ugonjwa. Ungebakiza kitu kingine basi."

Darlin naye hakukosa la kusema. "Mwachie mwenzio, Mendi. Kama hakujui, basi huyo mzee sasa ni wa wote." Arismendi alimpiga akaangukia mezani kwangu, mafuta ya moto yakakosa uso wake kidogo tu. Hakuna aliyecheka tena baada ya hapo, wala hakuna aliyekuja kuketi na Arismendi.

Halafu asubuhi moja mzee aliamka na hofu. Alimwona mwanamume mkubwa mweusi amesimama karibu na kitanda na kikombe cha kahawa, akaanza kupiga kelele: "Mwizi! Mwizi!" Mlinzi wa hoteli akaja, polisi wakaja. Sote tuliona Arismendi akitolewa kwa pingu, kahawa imemmwagikia shati.

Kituoni sajini alimuuliza swali jepesi tu. "Huyo mzungu ni nani wako?"

Yokasta alikuwa amefika akikimbia, mimi nyuma yake na aproni yangu. Alimsubiri mumewe aseme. Alipoona hasemi, akasema yeye.

"Ni kompadre wetu. Baba wa ubatizo wa binti yangu."

Sajini akacheka. "Dada, sisi sote tunajua mumeo anafanya kazi gani."

"Na mimi najua," Yokasta alisema. "Nimesema ni kompadre wetu."

Walimweka ndani mpaka mpwa wa mzee alipofika kutoka Kanada. Alikuwa mwanamke mpole, mchovu, macho mekundu. Yokasta alimwonyesha picha ya ubatizo: suti nzito, mtoto, Arismendi pembeni. Yule mwanamke aliitazama muda mrefu.

"Mjomba alituambia huwa anakuja kuvua samaki," akasema. "Hakuwahi kututajia mtu yeyote."

Hakusema kwa ubaya. Aliwaambia polisi hakuna kilichoibiwa, akaomba Arismendi aachiliwe. Kisha akamshika mkono na kumwomba, tafadhali, asije hotelini wala uwanja wa ndege, kwa sababu mjomba akimwona anatetemeka. Arismendi alikubali kwa kichwa. Alikwenda nyumbani akalala akiangalia ukuta, na ndege ikaondoka na Reyan.

Yule mpwa aliacha namba ya simu. Mwanzoni alijibu: mjomba yupo kwenye nyumba ya wazee, anakula vizuri. Baadaye ikawa haipokelewi. Sasa inasema haipo.

Arismendi alirudi kwenye viti vyake. Hakuna mgeni anayemtazama mara mbili siku hizi. Ameota mvi, na akisimama mbele ya mtu anasahau kutabasamu. Yokasta anamlisha, anamfulia, anamsemesha. Usiku mmoja alimwambia, "Lia basi, mume wangu, nani atakukataza?" Hakulia. Aliniambia angelia kama angejua analilia nini, mtu aliyekufa au mtu anayekula vizuri mahali fulani kwenye theluji.

Wiki iliyopita nilimsindikiza parokiani. Alitaka jina la Reyan litajwe kwenye misa. Mtunza kanisa, mzee mwema tu, akamuuliza kama anavyowauliza wote: "Tumwombee pamoja na walio hai, au pamoja na marehemu?"

Arismendi alisimama pale. Watu nyuma yetu wakaanza kukohoa.

"Nitarudi," akasema, akatoka nje kwenye jua. Nilimfuata mpaka barabarani, lakini alikuwa anatembea haraka, na miguu yangu si ya kukimbizana tena.