Kijani Juu ya Shamba la Chepkorir

Jepleting alikuwa na mkono mzuri wa ramani, na mwenyewe alijua. Katika ofisi ya ramani ya mwajiri wake Unnati, mjini Nakuru, juu ya duka la vitambaa la baba yake Unnati, mzee Ratilal, kulikuwa na vijana wengine wawili waliojua kuingiza vipimo vya mashamba kwenye kompyuta. Lakini ikifika mahali pa kuipamba ramani, kuchagua rangi na unene wa mistari na herufi za majina, kazi ilisukumwa mezani kwake. Alikuwa na subira ya msusi. Jina la mto alilipinda likafuata mto. Majina ya vijiji aliyazungushia weupe mwembamba ili yasimezwe na rangi ya chini. Angeweza kukaa nusu siku akihamisha neno moja, kisha alirudishe pale pale lilipokuwa.

Mwezi wa tano ikaja kazi ya kwao. Chama cha wakulima wa viazi huko Kuresoi kilitaka ramani kubwa ya ukutani, ionyeshe shamba la kila mwanachama, wapate kukubaliana ghala jipya lijengwe wapi. Jepleting aliirukia kazi hiyo kabla mwingine hajaigusa. Shangazi yake Chepkorir, dada ya marehemu baba yake, aliyemlea tangu darasa la pili, alikuwa mwanachama. Jepleting alitaka watu wa kwao waone msichana wao amekuwa nani.

Sasa, kompyuta ukiifungulia mashamba mara ya kwanza huyapaka rangi yoyote inayojiokotea. Siku hiyo iliokota rangi ya chungwa iliyofifia. Jepleting akaiona mbaya, kama kitambaa kilichopauka juani. Akaitoa, akaweka kijani. Walikopanda viazi aina ya shangi, kijani kizito. Walikopanda aina nyingine, kijani chepesi. Mistari myeusi ya mipaka kati ya shamba na shamba akaiondoa kwa sababu ilichafua macho. Akatia vivuli vya milima. Msitu, ambao uko pale pale nyuma ya mashamba, ulikuwa kijani tayari. Ikatoka karatasi laini, kama blanketi lililotandikwa na mtu mwenye adabu.

Unnati alisimama nyuma yake, kikombe mkononi. "Hii ukiitia fremu, matajiri wa Milimani watapigania kuiweka sebuleni."

"Madam, hao ni wakulima wa viazi."

"Basi watakuwa wakulima wenye ukuta maridadi."

Jepleting akacheka, akaipiga picha kwa simu, na jioni hiyo akawa anaitazama kila mara kama mtu anayetazama picha ya mtoto wake.

Siku ya nane baada ya kuituma ramani, mwenyekiti wa chama, mzee Nicodemus, akampigia.

"Ramani tulipata," alisema. "Tumeibandika kwenye ghala la zamani. Sasa sijui nikuambieje. Njoo uongee na shangazi yako. Anang'oa viazi."

"Anang'oa? Si bado mwezi na zaidi, mzee?"

"Ndiyo maana nasema njoo. Na si yeye peke yake."

"Kwani kuna nini?"

"Msichana," akasema, "umetupaka kijani."

Hakuhitaji kuambiwa zaidi. Mtoto yeyote wa upande ule aliyekuwa na akili mwaka ule watu walipoondolewa kwenye mashamba yao hahitaji. Wanaume wa serikali walikuja na gari, wakatandaza ramani juu ya boneti, wakaikandamiza pembeni kwa mawe isipeperuke. Chochote kilichokuwa kijani kwenye karatasi ile kiliitwa msitu, hata kama ndani yake mlikuwa na nyumba, ng'ombe na moshi wa chai. Waliokuwa kwenye kijani walifunga virago. Jepleting alikuwa na miaka saba. Alisimama karibu na gurudumu, ameshika nguo ya shangazi, na akaona rangi ile vizuri kabisa. Walilala kando ya barabara chini ya nailoni, misimu miwili ya mvua, na baba yake akapatwa na kifua hapo, asiinuke.

Akakaa na simu mkononi. Kusahau jina la mtu, sawa. Hili alilisahau namna gani?

Jumamosi akafika Kuresoi. Alimkuta Chepkorir shambani, ameinama, magunia matatu yamesimama ukingoni. Viazi vilivyotoka havikuzidi gololi kubwa. Ukivigusa kwa kidole gumba ganda linachubuka.

"Umefika," shangazi alisema bila kuinuka. "Shika mdomo wa gunia."

Jepleting akashika. "Shangazi, hakuna anayekuja. Ile ni rangi tu."

"Hata wale wa kwanza walisema ni karatasi tu." Akamimina. "Broka, yule mnunuzi wa viazi, amekuja jana. Amesema hivi ni vya nguruwe, lakini atachukua. Afadhali viliwe na nguruwe kuliko niwaachie wenye gari."

Alasiri watu kama thelathini wakakusanyika ghalani. Ramani ilikuwa ukutani, nzuri vile vile, na uzuri wake ndio uliomuumiza. Mzee Nicodemus akampa nafasi. Jepleting alikuwa amejiandalia maneno njia nzima, lakini alipoona macho yale yote, yakatoka mengine.

"Ni kompyuta," alisema. "Ukifungua mashamba, inachagua rangi yenyewe. Haijui maana."

Ghala likapumua. Watu wakageukiana.

"Si nilisema?" akasema mzee mmoja wa nyuma. "Mashine itajuaje mambo yetu? Haikulala kwa nailoni."

"Ingelala, ingeota kutu," mwingine akamjibu, na watu wakacheka, kicheko cha kutua mzigo.

Hapo Chepkorir akainuka. Mwanamke huyu hakuwahi kuomba mtu msamaha hadharani, si mume wake, si kasisi. Akajifunga leso vizuri. "Tangu Jumanne namsema huyu mtoto," alisema. "Nimesema mji umemwosha kichwa. Nimesema amesahau baba yake. Kumbe nimemsingizia. Naomba anisamehe, na nyinyi mliosikia mnisamehe." Akaja mbele, akamshika mkono mbele ya watu wote. Mkono ulikuwa bado na udongo.

Jepleting alitamani sakafu ipasuke.

"Shangazi, keti," alisema, na sauti ikawa ndogo. "Usiniombe msamaha. Si kompyuta. Yenyewe ilichagua rangi ya chungwa. Mimi ndiye niliyeitoa."

"Ukaweka kijani."

"Nikaweka kijani."

"Kwa nini?"

"Kilikuwa kinapendeza."

Safari hii hakuna aliyecheka. Chepkorir alimtazama kama anayetafuta mtu mwingine ndani ya uso ule.

"Na ulikuwepo," alisema.

"Nilikuwepo."

"Ulikuwa umeshika nguo yangu."

"Ndiyo, shangazi."

Shangazi akautoa mkono wake, polepole, akarudi akaketi. Angempiga kofi ingekuwa nafuu.

Mzee Nicodemus akakohoa, akauliza kama rangi inaweza kubadilishwa. Jepleting akafungua laptopu juu ya mizani ya magunia, watu wakamzunguka. Akawauliza wanataka ipi.

"Weka manjano."

"Manjano ni ya chama cha siasa. Watasema ghala limenunuliwa."

"Basi ile ya chungwa ya kompyuta."

"Hiyo nayo si ya chama?"

"Nyekundu?"

"Nyekundu utatuitia nini tena, wewe?"

Mwishowe mama mmoja akasema mbona wanahangaika, udongo si una rangi. Jepleting akagusa, na mashamba yote yakawa kahawia mara moja, kutoka msituni hadi barabarani. Akarudisha na mipaka, mstari mweusi kuzunguka kila shamba, mnene. Haikupendeza. Watu wakaitikia kwa vichwa.

Chepkorir alikuwa amesogea kutazama. "Ni hivyo tu?" aliuliza. "Umegusa, imegeuka?"

"Ndiyo, shangazi. Hivyo tu."

Akajifunga leso upya, akatoka ghalani.

Asubuhi ya Jumapili Jepleting aliamshwa na jembe. Kanisani kengele ilikuwa inalia, na shangazi alikuwa shambani kwenye nusu iliyobaki, anang'oa.

"Shangazi, si tumeibadilisha? Si uliona?"

"Niliona. Ndiyo sababu nang'oa." Hakuwa na hasira, alikuwa akieleza tu, kama anavyoelezwa mgeni njia. "Kitu kinachogeuka upesi hivyo mbele ya macho yangu, kitageuka tena nikiwa sipo."

Ile ndiyo kazi Jepleting aliyoajiriwa kuifanya: kugusa, ikageuka. Akavua viatu vyake vya mjini, akachukua jembe la pili, akaanza mstari wa pembeni. Shangazi hakumkataza wala hakumshukuru. Walikwenda hivyo hadi watu wakaanza kupita wakitoka ibadani, wakiwatazama juu ya ua bila kusalimu.

"Inua kutoka chini," Chepkorir alisema. "Unavikata."