Ngamia wa Ubaoni

Kazi yangu Garissa ilikuwa kuandika majina ya maduka. Vita vilipoanza, wenye maduka hawakutaka tena kujulikana. Nikabaki na rangi isiyo na kazi, basi nikajitolea kufundisha kina mama kusoma.

Tulikuwa tumefungiwa na askari ndani ya kijiji kilichozungushiwa miiba. Kwenda kuchota maji kulihitaji cheti, na kwenye cheti iliandikwa saa ya kurudi. Aliyeshindwa kuisoma akachelewa alipigwa langoni, kwa hiyo darasa lilijaa bila kubembelezwa.

Nilianza na a, e, i, o, u. Wakasinzia. Nikachora ngamia ubaoni. Wote wakaamka, wakauliza ni wa nani, maana shingoni hakuwa na chapa. Habaryar, yaani mdogo wake mama yangu, alininyang'anya brashi akamtia chapa yake: mistari miwili iliyoungwa katikati. Nikawaambia hiyo ni H. Basi kila mama akaleta chapa ya nyumba yake, tukaitafutia herufi, na chini nikaandika jina la mwenyewe. Katika wiki mbili walisoma zaidi kuliko nilivyosoma mimi mwaka mzima. Nilijiona bingwa, sifichi.

Afisa wa askari alilipenda darasa. Alikuwa akisimama nyuma, mikono mgongoni, akiisifu elimu.

Asubuhi moja askari walikuta ngamia kumi na wawili nje ya mpaka wa malisho, wachungaji wameshakimbia. Tuliitwa kijiji kizima tukaulizwa ni wa nani. Hakuna aliyejua. Kwa kweli, ukitusikiliza, wengine hatukuwa tumewahi kuona ngamia. Afisa hakukasirika. Aliingia darasani, akatoka na ubao wangu, akaulinganisha na shingo ya ngamia wa kwanza, kisha akasoma jina la habaryar kwa sauti, bila kukosea.

Ngamia wote walipigwa risasi kabla ya adhuhuri. Niliona aibu hata kupita mbele ya nyumba ya habaryar.

Kesho yake nilikwenda kufunga darasa. Nikamkuta ameketi mbele ya ubao uliorudishwa, mahali pake pa siku zote.

"Habaryar," akaniambia, kwani kwetu mama mdogo na mtoto wa dada yake huitana hivyo hivyo, "cheti cha maji bado sijaweza kukisoma. Endelea. Ila huyo ngamia mfute."

Nikamfuta kwa rangi, nikamchora mwingine asiye na chapa. Safari hii hakuna aliyeuliza ni wa nani.