Usiku Mwema Mezani

Nina kitambaa cha meza cha amerikani alichokidarizi bibi yangu, mama wa mama, na simwazimi mtu. Shemeji yangu alipokiomba kwa ajili ya harusi, nilimdanganya kwamba nimekiloweka. Pembeni kina maua mekundu yaliyopauka, na katikati maneno mawili ya Kifaransa: bonne nuit. Yaani usiku mwema. Ndiyo, kwenye kitambaa cha kulia chakula.

Bibi hakujua kusoma. Alijifunza sindano kwa masista hapa Kasongo, ambako wanawake walipewa karatasi za maneno ya kunakili: moja ya kitambaa cha meza, nyingine ya foronya. Ile ya meza, bon appétit, yaani kuleni vizuri, ilikuwa na herufi p mbili. Bibi akazitazama, akasema herufi zenye miguu zinakula uzi, akachukua ile nyingine. Miaka baadaye mama yangu alianza shule, akamsomea. Bibi hakufumua hata mshono mmoja. Alisema mgeni akishiba atalala tu.

Mwaka jana wakwe walituarifu kwamba watakuja kutoka Wamaza kumwomba binti yangu. Huyu amesoma Kindu, na aibu zake ni za mtu aliyesoma.

"Mama, watatucheka," aliniambia. "Watu iko nakula, na nape iko nawaambia walale."

Nikamjibu kwamba meza yangu haina nape nyingine, yaani kitambaa kingine, nikadhani yamekwisha. Kesho yake nilimkuta barazani ameshika wembe. Herufi b yote ilikuwa imefumuliwa.

Nilikasirika. Nilimnyang'anya kitambaa, nikanunua uzi mwekundu, nikakaa kuirudisha ile b mwenyewe. Matundu ya sindano ya bibi yalikuwa bado yapo, nikayafuata. Ndipo nilipogundua kwamba alihesabu nyuzi za amerikani, tatu kwa kila mshono, bila kukosea hata mara moja. Mwenye kukosea nilikuwa mimi. Binti alinitazama weee, kisha akaja kunitungia uzi kwenye sindano.

Wakwe walifika kwa pikipiki, matope hadi magotini. Tulipokuwa tukila, mvua ikashika na haikuachia. Barabara ile ikilowa, pikipiki inasukumwa kama mgonjwa. Niliona wanataka kulala, lakini kuomba malazi pale unapoomba binti ni mzigo. Na mimi nisingeweza kuwaalika, maana hatukuwa tumewajibu, na mwaliko ungeonekana kuwa ndilo jibu. Basi tukakaa tunasifia samaki aliyekwisha kuliwa.

Mzee wao akafuta vidole. Akaweka kimoja juu ya ile b, nyekundu kuliko wenzake, akasoma polepole hadi mwisho.

"Mama, sisi hatukuomba kulala," akasema. "Ni nape ndiyo imesema."

Tulicheka wote. Binti yangu alikwenda kutandika mikeka bila kutumwa. Nilifurahi sana siku ile, na nilitamani bibi angekuwepo.

Sasa harusi imekaribia, na binti anataka kitambaa kiende naye Wamaza. Nilimpa kipande cha amerikani na uzi mwekundu, nikamwambia aanze na b. Kila Jumapili ananiletea nikague. Juzi nilivaa miwani nikahesabu: nyuzi tatu, kila mshono. Nilirudia kuhesabu, nikitafuta kosa. Naona kitambaa cha bibi kitaenda.