Nilimkana Fundi Mbele ya Watu kwa Sababu ya Gati la Bwawani

Admin, jina langu lifiche, na kijiji pia usikitaje. Mimi ni mama wa miaka sitini na mbili, naishi nje kidogo ya Kitale. Siku hizi hata kukaa kwa kiti siwezi. Naosha chombo kimoja mara tatu.

Mwishoni mwa miaka ya themanini mume wangu aliacha kazi ya meli Kisumu, tukanunua shamba lililopakana na bwawa kubwa la mzungu wa zamani. Alileta mashua ya kuvua samaki, akataka gati la kuifungia. Alipoenda Bungoma kwa wiki moja, aliniachia fundi kutoka Naitiri na neno moja tu: "Msikize fundi, yeye ndiye anajua."

Fundi alipima maji kwa mti mrefu, akatikisa kichwa. "Mama, hapa chini ni matope tu. Na hii maji inapanda, inashuka. Tufunge mbao juu ya mapipa, gati ielee."

Mapipa! Wageni wa kanisa kutoka Kimilili walikuwa wanakuja kutuombea boma, na mimi nilitaka gati la kusimama kwa nguzo, la kupendeza, si mapipa yenye kutu. Nikamdanganya. "Mzee amesema nguzo."

"Kama ni mzee amesema, sawa," akajibu, akaanza kuchimbia nguzo.

Wageni walifika baada ya mvua kubwa. Walisimama juu ya gati wakiimba, likalala upande mmoja. Wengi walitoka na matope tu. Shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, mguu wake ulibanwa kati ya boriti na mashua. Hospitalini ulikatwa juu ya goti.

Mume wangu aliporudi kutoka Bungoma, alimshika fundi shati mbele ya watu. "Nani alikuambia uweke nguzo?"

Fundi alinigeukia mimi. "Mama, si useme?"

Nilikuwa nimebeba kitinda mimba wangu mgongoni. Nikasema, "Mimi mambo ya mbao sijui." Watu wote walisikia.

Tangu hapo hakuna aliyempa kazi huku. Alihamia Tuwan, akawa anarekebisha viti.

Sasa yule mtoto niliyekuwa nimebeba ni mwanaume mzima. Mwaka huu alituletea msichana, mwalimu mwenye heshima zake. Mume wangu aliuliza baba yake ni nani; aliposikia ni yule fundi, akasimama. "Binti ya mtu aliyemkata ndugu yangu mguu? Ati aingie hapa? Hapana!" Shemeji alikuwa ameketi pale pale na mkongojo wake.

Juzi nilienda Tuwan. Fundi amezeeka. Alinipa kiti, akaniletea chai. Nikamuuliza kwa nini hajawahi kusema ukweli.

"Ningesema, nani angeniamini? Nilishazoea, mama. Lakini saa hii ni mtoto wangu analia."

Niliweka kikombe chini, nikaaga.

Mume wangu ana presha, na tumezeeka pamoja. Shemeji huniita mama. Nikisema, nitawapoteza wote wawili. Kijana wangu anasema Jumapili anaondoka na hatarudi. Leo ni Alhamisi. Ninyi mnaosoma, hasa mliowahi kusingiziwa, niambieni: nianzie kwa nani, na nianze na neno gani?