Baba Wawili wa Kinyozi

Mume wangu ni kinyozi, na wateja wanamwita Redio kwa sababu hazimiki. Ukikaa kwenye kiti chake unatoka na nywele fupi na habari ndefu. Sasa mwaka jana Redio ikaanza kukatika. Ananyoa kichwa kizima bila neno, akirudi nyumbani anaingia chooni na kukaa humo mpaka nigonge. Nikasema huyu kapata mwanamke. Wallahi nilishachagua na maneno ya kumtukana!

Kumbe ni damu. Niliiona kwenye suruali aliyoificha nyuma ya ndoo. Miezi saba anatoka damu akienda haja kubwa, na mimi nalala ubavuni pake kama gogo.

"Haina dawa hii," akaniambia. "Baba zangu wote wawili walikufa kwa saratani ya utumbo, na hakuna aliyefika hamsini na mbili."

Yeye alikuwa na hamsini na moja.

"Mficha maradhi kilio humuumbua, we mwanamume!" nikamfokea. Hospitali hataki. Nililia, nikanuna, nikamnyima chai, wapi! Kilichomtoa ni mteja aliyemwambia kuna utafiti wa saratani hiyohiyo, wanachukua damu ya mkononi tu. "Mkono sawa," akasema. "Kule kwingine asiniguse mtu."

Tukaenda wote. Nesi wa utafiti, mama mtu mzima mwenye miwani ya kamba, akatueleza bila haraka. Seli za kinga ni askari wa mwili, alisema. Ukikuta askari wamejaa penye uvimbe, utajuaje kama uvimbe ndio uliowaita, au wao ndio waliozembea ukaota? Kwa hiyo wanaangalia vinasaba. Kila mtu anazaliwa na maagizo yake, huyu awe na askari wengi wa aina fulani, yule wachache. Maagizo hayo yapo kabla ya ugonjwa, na ugonjwa ukija hauyageuzi. Wakilinganisha watu maelfu, wataona waliozaliwa na askari gani ndio wanaougua zaidi.

"Na wangu wakoje?" akauliza mume wangu.

"Hatutoi jibu la mtu mmoja mmoja, baba. Damu ya mtu mmoja haituambii kitu."

Akasimama aondoke. Nikamvuta shati akakaa tena, maana fomu ilikuwa bado.

"Baba yako aliugua nini?" akauliza nesi.

"Yupi?"

Nesi akashusha miwani. "Kwani unao wangapi?"

"Waliokufa kwa utumbo ni wawili. Baba mkubwa na baba mdogo."

"Aliyekuzaa je?"

"Huyo aligongwa na lori nikiwa na miaka miwili. Nimelelewa kwa mama mkubwa, dada yake mama."

"Kwa hiyo baba mkubwa ni mume wa mama mkubwa. Na baba mdogo?"

"Mdogo wake baba mkubwa."

Nesi akachora vijumba na mistari, akatugeuzia karatasi. "Baba, hawa wawili ni damu moja. Wewe humu huna hata tone."

Mume wangu akaitazama ile karatasi mpaka nikamwonea huruma. Na mimi je, mke wa miaka ishirini na mbili, niliyeyajua yote hayo? Tukishasema baba, tumemaliza. Nani anauliza zaidi?

"Lakini damu ya chooni haingoji ukoo," nesi akasema. "Nenda kwenye kipimo cha kamera ya utumbo, wiki hii."

Akaenda. Siku ya kipimo nilikaa kwenye benchi nikaomba kila dua ninayoijua, na nyingine nilizitunga. Mara mlango ukafunguliwa, nikasikia sauti yake ukumbi mzima:

"Bawasiri! Mke wangu, nina bawasiri! Utumbo wote msafi!"

Watu wakageuka. Aibu? Aibu ya nini! Nilipiga vigelegele hapohapo, kisha nikalia mpaka mlinzi akaniletea maji. Nilikuwa nimeshaanza kuwa mjane kichwani mwangu, jamani.

Nje kwenye ngazi akatoa simu, akampigia mtoto wa baba mkubwa, ambaye walilala kitanda kimoja utotoni. Akaweka sauti kubwa, kawaida yake.

"Mdogo wangu, mimi nimepona. Una miaka mingapi sasa, arobaini na nane? Njoo nikupeleke kwenye kamera."

"Kama wewe mzima, mimi wa nini? Si baba yetu mmoja?"

"Baba ni wetu," mume wangu akasema. "Damu ndiyo yako peke yako. Njoo, nitakaa na wewe."

Nikamsikia shemeji akiuliza, taratibu, "Saa ngapi, kaka?"