Jicho Linalolia Lenyewe

Kabla sijakupeleka kwenye siku ninayoikumbuka, mwanangu, nikiri jambo: kwa miaka saba nilikana kwamba nina sukari. Nilimbishia daktari, nikambishia dada yangu, na chai ya maziwa ya ngamia nikaendelea kuitia vijiko vinne. Mimi huyu, niliyesoma chuo kikuu na kuandika makala za kuwahimiza wengine waseme kweli.

Kisha jicho la kushoto likaanza kutiririka. Harusini nilipewa pole, mazishini nikasifiwa. Nikasema ni vumbi la Garissa, maana vumbi halijibu likisingiziwa. Kona ya jicho ilipovimba na kutoa usaha, daktari wa macho, kijana kutoka bara, alinieleza kwamba mfereji unaoshusha machozi puani umeziba, na dawa yake ni upasuaji. Wakanitoa damu, wakanipa fomu. Penye swali la kisukari nikaandika hapana. Nilijiambia ukaidi huo nimeurithi kwa ayeyo, bibi yangu mzaa mama.

Ukweli ni kwamba nilikuwa nimeurithi nusu tu.

Wakati wa vita vya shifta, waasi waliotaka kujitenga na Kenya, nilikuwa na miaka minane. Serikali ilitukusanya katika kijiji kimoja ndani ya ua wa miiba, isije ikawa tunawalisha wapiganaji huko malishoni. Jicho la ayeyo lilitoka machozi kutwa. Asubuhi moja, tukihesabiwa, askari akamwuliza anamlilia shifta gani.

"Mimi hapana lia," ayeyo akamjibu akimtazama usoni. "Jicho ndio inalia."

Watu walicheka. Neno hilo nimetamba nalo maisha yangu yote. Kilichofuata nilikiacha, kwa kuwa hakikunipendeza.

Siku ile ile ayeyo alikwenda langoni kuomba cheti cha kwenda hospitali. Akanyimwa. Akarudi kesho yake, na keshokutwa, akasimama juani kama mwenye haki yake. Niliona aibu. Nikamvuta nguo, nikamwambia tusiwaombe hawa watu kitu, avumilie tu. Akanifinya sikio.

"Wanaonifungia hapa watafurahi nikipofuka kimya kimya," akasema kwa Kisomali. "Mimi nataka kuwaona vizuri."

Siku ya nne alipewa cheti.

Basi mwanangu, usimbishie daktari ukadhani umeushinda ulimwengu. Jicho likitiririka na huna huzuni, nenda wakapime jicho na damu pia. Sukari ikiwa juu, usaha hupata makao na kidonda huchelewa kupona. Daktari haniambii kwamba sukari ndiyo iliyoziba mfereji wangu. Ananiambia tu kwamba hatanikata kabla haijashuka. Nimepunguza vijiko, na chai imekuwa adhabu, lakini napigana vita hivi nikiwa nimefumbua macho. Kuwa mkaidi, hata mimi sitakuzuia, ila ukaidi wako ukusimamishe kwenye lango la hospitali mpaka wakufungulie. Mungu akujalie macho ya kuwaona wajukuu wako, na ulimi usiousaliti mwili wako.

Mimi ulimi wangu ulinyooka kwa simu. Daktari alinipigia siku mbili kabla ya tarehe niliyokuwa nimepangiwa upasuaji, sauti ya upole, kama anayemsemesha mama yake.

"Mama, fomu yako inasema hapana, damu yako inasema ndiyo. Nimwamini nani?"



"Amini damu," nikamwambia. "Mwongo ni mimi."