Unga wa Dagaa

Mama Pasi alipata jina hilo kwa kunyoosha nguo za watu, na kwa mshahara wa pasi mtu hali nyama, asidanganywe na yeyote. Mumewe alikwenda kutafuta maisha, maisha yakamficha huko huko. Alimwachia mabinti wawili na wifi mwenye uwezo.

Mwezi uliopita, zahanati walimpima binti mdogo wakasema damu iko chini. Wifi aliposikia, alifika siku hiyo hiyo.

"Wifi yangu, mtoto wa kaka yangu hawezi kudhoofika na mimi nipo. Isipopanda mwezi ujao, namchukua akae kwangu."

Aliyasema kwa upole, na ndiyo maana yalichoma.

Basi Mama Pasi akajifunga kibwebwe. Alinunua dagaa waliovunjikavunjika, wale wanaobaki chini ya gunia, akawatoa mchanga, akawakaanga bila mafuta, akawatwanga wakawa unga. Maharage aliyaloweka usiku kucha yaive upesi, mkaa usiteketee bure. Majani ya maboga aliyachuma nyuma ya nyumba na kuyatia chunguni mwishoni kabisa, yasiive mno yakapoteza nguvu. Akishapakua, alinyunyiza unga wa dagaa kwenye sahani za watoto, kijiko huku, kijiko kule, kisha akaenda kujinyoosha kitandani kabla ya kula. Miguu iliyosimama kutwa mbele ya pasi haina subira. Watoto walikula wenyewe, sahani zikarudi tupu, naye akamshukuru Mungu.

Aliyemuudhi ni binti mkubwa. Akitumwa maji, anapumzika njiani. Akifagia, anakaa chini.

"Uvivu huu umeurithi kwa baba yako!" alimfokea, na si mara moja. "Mgonjwa ana nguvu kukuzidi!"

"Nisamehe, mama," alijibu mtoto, akiinuka kwa kushika ukuta.

Siku ya kupimwa walikwenda wote watatu. Nesi alimchoma mdogo kidole, akasoma kipimo, akacheka.

"Mama, umemlisha nini huyu? Imepanda vizuri kabisa!"

Mama Pasi aliketi kwenye benchi akalia kwa furaha, bila haya. Mtoto wake haendi popote.

"Na huyu je?" aliuliza nesi.

Binti mkubwa alikuwa ameegemea mlango, amefumba macho. Nesi alimvuta kope ya chini, ndani peupe. Akampima naye. Safari hii hakucheka.

"Kwani wewe nyumbani huli?"

Mtoto alitazama miguu yake. "Nakula. Ila dagaa wangu nampa mdogo wangu. Na maharage kidogo. Shangazi asije akamchukua."

Mama Pasi alitamani ardhi ipasuke immeze. Alimvuta binti yake kifuani, akamwomba radhi mbele za watu. Lakini radhi haijazi sufuria, naye sufuria yake aliijua vizuri. Kumwongezea huyu ni kumpunguzia yule. Alichoka, akachoka hata na kuchoka kwenyewe. Nje ya zahanati akapiga simu.

"Wifi, damu ya mdogo imepanda."

"Mungu mkubwa! Basi mimi sina neno tena."

"Neno lipo," alisema Mama Pasi, akiwa bado ameshika mkono wa binti yake. "Njoo umchukue mkubwa."